Michal Březina na hesabu za mtelezaji wa Kicheki

Mkuu, nalirudia swali lako ili anayepita aelewe tunazungumzia nini. Umeuliza: Michal Březina wa Ucheki amecheza Olimpiki nne bila medali, na kwenye michuano mikubwa ya wakubwa ana shaba ya Ulaya tu, basi kwa nini wanaoujua mchezo wa kuteleza kwenye barafu wanamweka juu? Na kazi ya mtelezaji wa nchi kama ile inakwendaje? Kuna aliyejibu kwamba jamaa alikosa bahati. Mimi naona bahati haimo sana. Ukiyaweka matokeo yake kando ya kanuni zilizokuwa zikitumika mwaka ule, karibu kila kupanda na kushuka kwake kunajieleza.

Kwanza rekodi yenyewe. Alizaliwa Brno tarehe 30 Machi 1990. Baba yake, Rudolf, ni kocha wa mchezo huuhuu, na dada yake mdogo, Eliška, naye alifika hadi Olimpiki. Mwaka 2009 huko Sofia alichukua fedha ya dunia ya vijana nyuma ya Adam Rippon. Msimu uliofuata, akiwa bado na miaka 19, alikuwa wa 4 Ulaya, wa 10 Olimpiki ya Vancouver, kisha wa 4 duniani huko Torino. Mwaka 2011 akawa tena wa 4 duniani, safari hii Moscow, na miezi michache baadaye akashinda Skate America, mojawapo ya mashindano ya mfululizo wa kimataifa wa Grand Prix. Shaba ya Ulaya aliipata Zagreb 2013 nyuma ya Javier Fernández na Florent Amodio. Sochi 2014 akawa wa 10 tena. Pyeongchang 2018 alishuka hadi wa 16. Halafu, wakati wengi walishamfuta, mwishoni mwa 2018 alipata fedha mbili katika mashindano yake mawili ya Grand Prix akaingia fainali ya watu sita. Beijing 2022 ilikuwa Olimpiki yake ya nne, akiwa na miaka 31.

Sasa iangalie namba 10, maana kwa nchi ndogo ndiyo namba inayoamua mengi. Kwenye Ubingwa wa Dunia na wa Ulaya, kila nchi hupata nafasi moja, mbili au tatu kwa kila fani, kutokana na matokeo ya mwaka uliotangulia. Nchi iliyopeleka mtu mmoja ikamaliza wa 1 au wa 2 inapata nafasi tatu mwaka unaofuata. Akimaliza kati ya 3 na 10, nafasi mbili. Kuanzia 11 kwenda chini, moja tu. Nchi iliyopeleka wawili inajumlisha nafasi zao: jumla isizidi 13 kupata nafasi tatu, isizidi 28 kubaki na mbili. Kila shindano lina programu fupi, kisha programu ndefu kwa waliofuzu. Aliyefika programu ndefu akamaliza chini ya wa 16 anahesabiwa 16 tu, na aliyeshindwa kufika programu ndefu anahesabiwa 18.

Fanya hesabu hiyo taratibu. Mwenzako akiharibu kabisa analeta 18. Ili jumla isizidi 28, wewe unatakiwa usishuke chini ya 10. Kwa hiyo, uwe peke yako au uwe na mwenzako aliyeanguka vibaya, mpaka ni uleule: ukishika nafasi ya 10 umeiokoa nafasi ya pili ya nchi yako, na hiyo nafasi ya pili ndiyo anayoipata kijana anayekuja nyuma yako. Kijana huyo akikosa Ubingwa wa Dunia akiwa na miaka 17 au 18, anakosa pointi za orodha ya dunia na mialiko ya Grand Prix, na waamuzi hawamjui. Mtu anayemaliza wa 4 duniani miaka miwili mfululizo anafungua mlango ambao shirikisho haliwezi kuununua kwa fedha. Ndiyo maana Wacheki hawamwangalii Březina kwa medali peke yake. Kwa Olimpiki kanuni zimekazwa zaidi: siku hizi nafasi ya pili hutegemea pia kama mtelezaji wako wa pili alifika programu ndefu, la sivyo mtelezaji mwingine wa nchi hiyo anakwenda kuitafuta kwenye mashindano ya kufuzu mwezi Septemba, ambayo kwa mizunguko kadhaa yalifanyika Oberstdorf, Ujerumani, kwenye Nebelhorn Trophy.

Ubingwa wa taifa wenyewe Wacheki hawaufanyi peke yao. Kila Desemba wanakutana na Waslovakia na Wapoland, na baadaye Wahungari waliongezeka, wanateleza mashindano mamoja kisha kila nchi inachomoa washindi wake. Hili lina faida kubwa. Ukiwa na wanaume watatu au wanne tu wa kiwango cha juu nchini, shindano la ndani halikupi presha yoyote. Ukichanganya nchi nne unapata kundi la mwisho lenye ushindani, jopo la waamuzi la mataifa tofauti, na alama zinazokaribia zile za Ulaya wiki chache baadaye.

Kalenda yao iko hivi: Mei na Juni wanatunga programu mpya, Julai na Agosti kambi, Septemba mashindano madogo ya kimataifa ya kupima programu, Oktoba na Novemba Grand Prix, Desemba taifa na fainali, Januari Ulaya, Machi dunia. Anayevunjika mguu Oktoba amepoteza karibu kila kitu cha msimu, kwa sababu mifupa haifuati kalenda hiyo.

Turudi kwenye kanuni, maana hapa ndipo kazi ya Březina inapoeleweka. Kabla ya msimu wa 2010–11, mruko wa mizunguko minne uliopungukiwa kidogo hewani ulishushwa moja kwa moja ukalipwa kama wa mizunguko mitatu, na juu yake ukakatwa alama za ubora, zile ambazo waamuzi huongeza au kupunguza kwa jinsi mruko ulivyofanywa. Kujaribu kulikuwa kamari mbaya. Ndiyo sababu Evan Lysacek alishinda dhahabu ya Vancouver bila mruko hata mmoja wa mizunguko minne, akampita Evgeni Plushenko aliyekuwa nao. Katika hali hiyo, kijana mwenye mruko wa Axel wa mizunguko mitatu na nusu ulio mkubwa na safi, anayezunguka haraka papo hapo kama pia na mwenye kasi ya kuteleza, alikuwa na silaha zote zinazotakiwa. Březina alikuwa huyo. Axel yake ilikuwa ndefu, aliingia kwa kasi, na alitua akiendelea kwenda badala ya kusimama. Nafasi ya 4 Torino haikuwa ajabu.

Kisha ISU, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ikabadilisha mambo. Kuanzia 2010–11 mruko uliopungukiwa kidogo ulilipwa asilimia 70 ya thamani yake, na kujaribu mizunguko minne kukaanza kulipa hata ukikosea. Miaka michache baadaye mbio za mizunguko minne zikafumuka. Boyang Jin wa China akaleta mruko wa Lutz wa mizunguko minne kama silaha ya kila shindano, na Nathan Chen wa Marekani akafanya miruko sita ya mizunguko minne katika programu moja ndefu huko Pyeongchang. Březina alikuwa na Salchow ya mizunguko minne. Mtu mwenye aina moja ya mruko mkubwa akiwekwa na wenye aina nne, hata akicheza safi anaanza akiwa nyuma kwa alama nyingi kabla muziki haujapigwa. Nafasi ya 16 mwaka 2018 ni hiyo tu. Hakuwa amesahau kuteleza.

Msimu wa 2018–19 kanuni zikageuka tena. Programu ndefu ya wanaume ilitoka dakika 4 na nusu ikawa dakika 4. Miruko ikapungua kutoka minane hadi saba. Ikaruhusiwa kurudia aina moja tu ya mruko wa mizunguko minne. Thamani za msingi zikashushwa: Lutz ya minne kutoka 13.6 hadi 11.5, Salchow ya minne kutoka 10.5 hadi 9.7, Axel ya mitatu na nusu kutoka 8.5 hadi 8.0. Na alama ya ubora, iliyokuwa kati ya −3 na +3, ikawa kati ya −5 na +5, kila hatua ikiwa asilimia 10 ya thamani ya msingi.

Weka namba uone. Kabla ya hapo, mtu akianguka kwenye Lutz ya minne iliyozungushwa kamili alipata 13.6, akatolewa 4.0 za ubora na 1.0 ya kuanguka, akabaki na 8.6. Axel nzuri ya mitatu na nusu yenye ubora wa +2 ilikupa 10.5. Tofauti ya aliyeanguka na aliyecheza vizuri: 1.9 tu. Baada ya mabadiliko, aliyeanguka anabaki na 11.5 kutoa 5.75 kutoa 1, yaani 4.75. Axel yenye ubora wa +4 inalipa 11.2. Tofauti imekuwa zaidi ya alama 6. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mageuzi ya haki kuliko yote yaliyofanyika katika mfumo huu tangu ulipoanza 2004, na mtu mwenye miaka 28 aliyekuwa na Axel safi na Salchow moja nzuri alinufaika mara moja. Skate America 2018: fedha nyuma ya Nathan Chen. Helsinki: fedha nyuma ya Yuzuru Hanyu. Nafasi ya pili kwenye Grand Prix ina pointi 13, mbili ni 26, na akaingia fainali ya Vancouver.

Uliuliza pia kwa nini watu wanaendelea kujaribu mizunguko minne huku wanaanguka. Jibu liko kwenye hesabu ya Salchow hiyohiyo kwa thamani za baada ya 2018. Ukiifanya vizuri kwa +3 unapata 12.61. Ukianguka lakini umezunguka kamili unabaki na 3.85. Ukiacha ukafanya ya mitatu safi kwa +2 unapata 5.16. Kwa hesabu ya alama za mruko peke yake, ukifanikiwa mara moja kati ya sita tayari umefika mahali pa kutokupoteza. Lakini kuna kosa baya zaidi ya kuanguka, nalo ni kufunguka hewani: mtu anaingia kufanya minne, mwili unaogopa, mikono inafunguka, anatua na mzunguko mmoja. Huo unalipwa 0.4. Anayefunguka badala ya kuanguka anahitaji kufanikiwa karibu mara nne kati ya kumi ili jaribio lake lilipe. Na kwenye programu fupi ni vibaya zaidi, maana mruko usiofikia mizunguko inayotakiwa haulipwi kitu kabisa. Makocha husema wazi: ukiingia, zunguka hadi mwisho hata kama utaanguka.

Tomáš Verner, Mcheki mwingine, ni mfano mzuri wa jinsi makosa machache yanavyoshusha mtu. Januari 2008 alikuwa bingwa wa Ulaya, Zagreb, akiwaacha Stéphane Lambiel na Brian Joubert. Miezi miwili baadaye, kwenye Ubingwa wa Dunia Göteborg, akawa wa 15. Mwaka 2009 akarudi wa 4 duniani, na 2010 akawa wa 19 Olimpiki. Mtu haongezi wala kupoteza uwezo kwa kasi hiyo. Programu fupi ina miruko mitatu tu ya kulipwa; ukiharibu miwili umeshuka nafasi kumi, na kesho yake unateleza mapema, mbele ya waamuzi ambao bado wanaacha nafasi ya juu kwa watakaokuja baadaye. Sochi 2014 Březina alikuwa wa 10 na Verner wa 11, Wacheki wawili wakifuatana.

Sasa Salchow yenyewe, kwa kuwa uliomba ufafanuzi wa kiufundi. Imepewa jina la Ulrich Salchow wa Sweden. Chukulia mtu anazunguka kinyume cha saa, kama watelezaji walio wengi. Anaingia akiteleza mbele kwa mguu wa kushoto juu ya ukingo wa nje wa kisu. Anageuka kwa mguu huohuo, barafu inabaki na alama kama tarakimu 3, na sasa anakwenda kinyumenyume juu ya ukingo wa ndani wa kushoto. Hapo panatakiwa kusubiri. Mkono wa kushoto uko mbele, wa kulia nyuma, mabega yametulia, mguu wa kulia uko nyuma. Ukingo ukishapinda vya kutosha, mguu wa kulia unapita mbele karibu na wa kushoto, goti la kushoto linanyooka, anapaa. Anatua kwa mguu wa kulia, kinyumenyume, ukingo wa nje.

Kosa la kwanza ni haraka. Baada ya ule mgeuko, mabega yanaendelea kuzunguka badala ya kusimama, nyonga inabaki nyuma, na mwili unapaa umepinda. Ukiona mtelezaji anaanguka kwa ubavu ndani ya duara lake mwenyewe, karibu kila mara kosa lilianzia hapo, si wakati wa kutua. Kosa la pili ni mguu wa kulia kupita mbali, kama anafagia. Unaleta nguvu, lakini unauvuta mhimili pembeni, na kwa mizunguko minne mhimili uliolala hata kidogo hausahihishiki, kwani hewani ana kama sekunde 0.7 tu. La tatu ni uzito kubaki upande wa kushoto. Hewani nyonga inatakiwa ihamie juu ya mguu wa kulia na miguu ikae imepishana, wa kushoto mbele ya wa kulia. Asipohama anatua na miguu miwili, na ubora unakatwa.

Ngazi za kuijenga hazina njia ya mkato. Ya mizunguko mitatu lazima iwe ya kawaida hata mtu akiwa amechoka. Sakafuni anaruka bila viatu vya barafu, mizunguko miwili kamili, kisha miwili na nusu, kisha mitatu, akitua mguu mmoja bila kuyumba. Kisha anavaa mkanda unaoshikwa na kocha kwa fimbo ndefu, ili mwili uzoee muda wa kukaa hewani bila kulipia kwa kuanguka. Ndipo anaachiwa. Wengi hukwama kwenye mkanda: wanazoea kuinuliwa, wakiachiwa wanakuta urefu wao halisi hautoshi. Kocha mzuri huinua kidogo kidogo hadi mkanda unabaki umelegea.

Salchow haina kusukuma kwa meno ya mbele ya kisu kama ilivyo Lutz au tolupu. Inategemea ukingo tupu. Kwa hiyo inategemea sana kunoa. Kisu cha mtelezaji kina mfereji katikati, ndio unaozaa kingo mbili. Mfereji huo hupimwa kwa nusu kipenyo cha duara lake: mm 11 au mm 12.7 ndivyo vipimo vya kawaida kwa wanaoruka. Namba ndogo ina maana mfereji wenye kina zaidi, kisu kinauma barafu zaidi lakini kinapunguza mwendo. Kisu chenyewe kimepinda kwa urefu pia, nusu kipenyo mita 2.1 au 2.4, na mnoaji asiyejua akikisugua kwa nguvu mbele anaubadilisha mpindo huo, halafu mtelezaji anahangaika wiki nzima akidhani ni mwili wake. Jino la kwanza la mbele halipaswi kuguswa kamwe. Baada ya kunoa, weka sarafu au kipande cha chuma kilichonyooka kikikatiza juu ya kingo mbili: kikiinama upande mmoja, ukingo mmoja uko juu kuliko mwingine, na Salchow itateleza pale pa kupaa. Rudisha kwa mnoaji, usijaribu kuruka nacho.

Kiatu nacho kina maisha yake. Cha mtu anayefanya mizunguko minne huchakaa ndani ya miezi. Kinaanza kwa mkunjo kwenye kifundo, kisha mkunjo unakuwa laini, kisha kifundo kinaanza kuingia ndani wakati wa kutua. Pea ya juu pamoja na visu vyake inazidi dola 1,000. Viatu vipya haviingizwi wiki ya mashindano. Hupashwa joto vishike umbo la mguu, kisu kinafungwa kwanza kwa skrubu chache kwenye matundu marefu, mtu anateleza mstari ulionyooka kwa mguu mmoja, na kisu kikimvuta pembeni kinasogezwa milimita moja au mbili. Skrubu za kudumu hufungwa mwishoni.

Barafu ya Ucheki ina tatizo lake. Ile ni nchi ya hoki, na viwanja vingi vya barafu vinaishi kwa hoki. Wachezaji wa hoki wanapenda barafu ngumu, nyuzi −5 au −6. Mtelezaji anataka laini kidogo, −3 hadi −4, ili kisu na meno viume bila kuvunja vipande. Kwenye barafu ngumu ukingo wa ndani wa Salchow unakatika, na kutua kunagonga zaidi. Saa zinazobaki baada ya hoki ni za alfajiri au katikati ya masomo, ndiyo maana wengi huishia kutafuta barafu nje.

Jambo hilo si la leo. Alena Vrzáňová wa Prague alijifunza kwa Arnold Gerschwiler huko Richmond, London, akawa bingwa wa dunia 1949 Paris na 1950 London, na baada ya ushindi wa pili hakurudi Chekoslovakia iliyokuwa chini ya wakomunisti. Enzi zake zaidi ya nusu ya alama zilitoka kwenye maumbo ya lazima, yaani kuchora duara na alama za nane kwa ukingo mmoja polepole. Naye ndiye mwanamke wa kwanza kufanya Lutz ya mizunguko miwili kwenye mashindano. Petr Barna, naye wa Prague, alichukua shaba ya Olimpiki ya Albertville 1992 na alikuwa wa kwanza kutua mruko wa mizunguko minne kwenye Olimpiki. Aliyeshinda dhahabu siku hiyo ni Viktor Petrenko, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kumfundisha Březina Marekani. Březina amepitia pia kwa Petr Starec nyumbani, kwa Karel Fajfr huko Oberstdorf, na mwisho kwa Rafael Arutyunyan huko California, kocha yuleyule wa Nathan Chen. Kumbuka hilo unapowaona jukwaani pamoja Skate America 2018, wa 1 na wa 2: walikuwa na kocha mmoja.

Kuhama kocha si jambo dogo. Kila kocha ana namna yake ya kuingia kwenye mruko, na mtu mzima wa miaka 26 akiambiwa abadilishe mkono au mgeuko, msimu wa kwanza mara nyingi unashuka kabla haujapanda. Anayehama inabidi akubali mwaka mmoja wa matokeo mabaya, na shirikisho lake likubali pia.

Fedha hazitoshi, tuseme ukweli. Grand Prix ya 2018 mshindi alipata dola 18,000, wa pili 13,000, wa tatu 9,000, wa nne 3,000, wa tano 2,000, na wa sita hakuna. Medali zake mbili za fedha za 2018 ni dola 26,000 kabla ya kodi na mgawo wa kocha. Humo utoe mtunzi wa programu, mavazi, viatu, tiba ya viungo, na barafu yenyewe kwa saa. Ucheki ina mfumo unaosaidia: vituo vya michezo vya serikali kama Dukla wa jeshi, Olymp wa wizara ya mambo ya ndani na Victoria, ambavyo huwaajiri wanamichezo wa kiwango cha juu kwa mshahara. Lakini ajira hiyo hufuata matokeo. Mwaka mbaya unaweza kuiondoa wakati unaoihitaji zaidi. Wengine hujazia kwa maonyesho ya barafu na kufundisha watoto.

Mwili ndio unaoweka tarehe ya mwisho. Kutua kunaleta nguvu ya mara 5 hadi 8 ya uzito wa mtu, kwa mguu uleule mmoja, mamia ya mara kwa wiki. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kilo 350 hadi 560 kila mruko. Nyonga ya kulia, kinena, mgongo wa chini, nyufa ndogo za mifupa ya unyayo: hizo ndizo zinazowatoa wengi kabla ya miaka 25. Makocha makini huweka kikomo cha miruko mikubwa kwa kipindi, na siku za kuelekea mashindano huipunguza. Kutoka fedha ya vijana 2009 hadi Beijing 2022 ni miaka 13 ya kutua. Wanaume wanaofikisha Olimpiki nne katika mchezo huu ni wachache mno, na kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo ubora wake kuliko hata ile shaba.

Ukitaka kuyathibitisha haya mwenyewe, usitazame video peke yake. Tafuta karatasi za alama ambazo ISU huzitoa kila shindano. Kila mruko umeandikwa kwa ufupisho: 3A ni Axel ya mitatu na nusu, 4S ni Salchow ya minne, 4Lz ni Lutz ya minne. Kando yake angalia alama ndogo. Mshale mmoja < maana yake umepungukiwa zaidi ya robo ya mzunguko, siku hizi unalipwa asilimia 80. Mishale miwili << ni nusu au zaidi, unashushwa mzunguko mzima. Herufi q ni robo kamili: thamani inabaki, ubora unashuka. Herufi e ni ukingo usio sahihi wa kupaa kwenye Lutz au flipu. Herufi x ni nyongeza ya asilimia 10 kwa miruko ya nusu ya pili, na tangu 2018 hupewa mruko mmoja wa mwisho kwenye programu fupi na mitatu ya mwisho kwenye ndefu. Chukua karatasi za Skate America 2018 na za Pyeongchang 2018 uziweke pamoja, usome safu ya ubora kwenye 3A za Březina kwanza, kisha safu hiyohiyo kwa walioanguka kwenye miruko ya minne.